Nimeokota kabati la gemu la zamani, nianzie wapi?

"Shikamoo fundi. Kuna jamaa walikuwa wanasafisha stoo wakatoa nje kabati la gemu, yale ya kusimama ya kutumbukiza sarafu, nikawaomba wakanipa. Ubavuni limepakwa rangi nyeusi ya brashi, chini limevimba kama lilinyeshewa, mlango wa nyuma umefungwa na funguo hakuna. Kioo ni kizima ila hata likiwa limezimwa ukimulika na tochi unaona michoro ya vinjia-njia imeganda, tena imelala kiubavu. Nimechungulia kwenye matundu ya nyuma nikaona bodi ya chipu nyingi na panya wamejenga. Sijawahi kushika pasi ya kulehemu maishani mwangu. Rafiki mmoja anasema niwashe tu nione kama linafanya kazi, mwingine anasema nisiiguse kabisa ile TV inaua hata kama haijachomekwa, wa tatu anasema nitoe takataka zote za ndani nitie kompyuta niwe na gemu elfu. Nimsikilize nani?"

Marahaba mdogo wangu. Nimesoma swali lako nikacheka, maana hao marafiki zako watatu nawajua, kila anayeokota kabati anao. Huyo wa "washa tu uone" msikilize kwa mambo mengine yote ila hili hapana. Kama hujachomeka usichomeke, na kama ushachomeka likakaa kimya basi chomoa taratibu ushukuru Mungu. Wa pili yuko sahihi nusu, nitakwambia nusu ipi. Wa tatu ana hoja yake kabisa, ila kuna kitu umekitaja kwa kupita tu kwenye swali lako ambacho kinanifanya nimwambie asubiri kwanza nje.

Kitu chenyewe ni ile michoro kwenye kioo. Ule sio uchafu na hautoki kwa kufuta. Kioo cha TV ya chogo kwa ndani kimepakwa unga wa fosfa, ukipigwa na elektroni ndo unatoa mwanga, sasa sehemu inayopigwa sana kuliko nyingine unga wake unachoka, na hizi mashine zilikuwa zinawaka kutwa nzima miaka na miaka zikionyesha picha ileile, kwa hiyo gemu inajichora yenyewe kwenye kioo kama chale. Vinjia-njia maana yake ni gemu ya kukimbizana vichochoroni, na maarufu kuliko zote ni Pac-Man, ilitoka 1980, ya Namco ya Japani na Marekani ikatengenezwa na Midway. Halafu wewe mwenyewe umesema michoro imelala. Picha ya Pac-Man ni ya kusimama, tyubu inafungwa ikiwa ndefu kwenda juu. Kama leo michoro imelala maana yake kuna mtu aliizungusha hiyo tyubu robo mzunguko, na mtu hafanyi kazi nzito kama ile kwa kujifurahisha, alikuwa anatia gemu nyingine ambayo picha yake ni ya kulala.

Na hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Wenye mashine walikuwa wafanyabiashara, gemu ikiacha kumeza sarafu hanunui kabati jipya, anabadilisha bodi, anapaka rangi juu ya michoro ya zamani, anabandika jina jipya kichwani, maisha yanaendelea. Kwa hiyo unachokiita takataka kinaweza kuwa kabati la gemu moja ndani ya koti la gemu nyingine. Sisemi ni Pac-Man kwa uhakika, gemu za vichochoro zilikuwa nyingi, ila una njia tatu za kujiridhisha. Tafuta kibati cha namba nyuma ya kabati. Angalia paneli ya kuchezea kwa chini yake, Pac-Man ilikuwa na joistiki moja tu katikati ya kwenda pande 4 na vitufe vya kuanzia mchezo basi, haina kitufe cha kupiga, kwa hiyo ukikuta matundu mengine yametobolewa kwa ukatili kwenye bati ujue yaliongezwa baadaye. Ya tatu, kona ya chini kabisa nyuma pasipoonekana, kwangua ile rangi nyeusi eneo la ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Makabati ya Pac-Man ya Midway yalikuwa ya njano. Ukiona njano hapo chini weka kabisa mbali ule msasa wako, tutaurudia.

Sasa kwa nini usiwashe. Watu wanadhani mashine iliyokaa miaka ni kama redio, ama itaimba ama haitaimba. Tatizo ni kwamba kuna hali ya tatu, itawaka kwa sekunde tano halafu iue kitu ambacho kilikuwa kizima. Ndani kuna kapasita za maji, yale makopo madogo, ambazo zikikaa muda mrefu maji yake yanakauka au yanavuja, kazi yake ilikuwa kutuliza umeme uwe laini na sasa hazitulizi tena. Kuna nyaya ambazo panya amezimenya, mbili zilizokuwa na ngozi sasa zinagusana tupu. Kuna mkojo wa panya, ambao unapitisha umeme na unakula shaba. Na kuna fyuzi ambayo kuna uwezekano mkubwa fundi fulani wa zamani aliizungushia karatasi ya sigara, nimezikuta mara nyingi mno, kwa hiyo ile kinga unayodhani ipo haipo. Ukichomeka hapo unacheza bahati nasibu na vipuri ambavyo havitengenezwi tena.

Kwa hiyo siku ya kwanza ni ya kufungua na kupiga picha tu. Kufuli: kabla hujatafuta drili ingiza kidole kwenye kile kisahani cha kurudishia sarafu mbele, funguo za nyuma mara nyingi zimening'inizwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa sarafu au zimedondoka humo chini. Hamna? Basi toboa katikati ya kufuli kwa drili, anza na keekee nyembamba uongeze unene taratibu mpaka ule ulimi wa ndani udondoke. Kufuli ni kitu rahisi kununua, mlango uliopasuliwa kwa mtaimbo sio rahisi. Ukishafungua vaa barakoa na glavu, yale mavi ya panya usiyafagie makavu wala kuyapuliza, yanyunyizie maji yenye dawa ya kuulia vijidudu yalowe, halafu yazoe kwa kitambaa. Hili sisemi kwa kinyaa tu, kuna magonjwa mtu anayapata kwa kuvuta lile vumbi. Na piga picha kila plagi kabla hujaichomoa, pande zote mbili, uandike kwenye kipande cha tepu ilitoka wapi inaenda wapi. Utaniona mzee msumbufu leo, mwezi ujao utaniombea dua.

Kabla hujaondoka hapo ndani tafuta betri kwenye bodi. Sio zote zinazo, ila zilizo nayo zilitumia betri ndogo ya kuchaji iliyolehemewa moja kwa moja, na zikizeeka zinavuja uji unaokula njia za shaba kama mchwa. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe umeizunguka, hiyo betri itoke leo, ikate miguu yake hata kama hujui kulehemu, kitakachopotea ni orodha ya washindi tu kwa bodi nyingi. Isipokuwa kama bodi yako imefungiwa kwenye boksi la plastiki na ni ya Capcom wa mfumo wa CPS2 wa miaka ya 90, hiyo acha kwanza, kwenye zile betri ndo inashikilia funguo za kusomea gemu, ukiitoa bodi inakuwa bubu. Na sio hizo peke yake, kuna bodi nyingine chache za namna hiyo, kwa hiyo kama hujui bodi yako ni ipi uliza kabla hujakata. Pale palipovujiwa pangusa kwa siki kidogo, maana ule uji ni wa asili ya magadi na siki inautuliza, halafu maji safi, halafu alkoholi ya kusafishia vifaa, uache ikauke siku mbili.

Haya, TV inayoua. Tyubu ya picha yenyewe ni kapasita kubwa ya kioo, ndani ina rangi inayopitisha umeme na nje ina ile rangi nyeusi inayopitisha umeme, katikati kioo, na mashine ikiwaka pale kwenye kile kikombe cha mpira juu ya chogo panaingia volti kama elfu ishirini na zaidi kwa tyubu ya rangi ya inchi 19. Ukizima sio lazima ziondoke, zinaweza kukaa siku kadhaa. Ukigusa utapigwa, na kwa mtu mwenye afya mara nyingi ule mpigo wenyewe ni mfupi, umeme uliohifadhiwa ni kidogo, ila mkono unaruka bila ruhusa yako, na ukiruka unagonga shingo ya tyubu, ule mrija mwembamba wa nyuma, ukivunjika hewa inaingia na tyubu imekufa hapohapo, au unaangukia kwenye bati, au unadondosha kitu cha kilo nyingi cha kioo miguuni. Sasa hiyo ndo nusu ambayo rafiki yako yuko sahihi.

Nusu aliyokosea ni kufikiri hatari kubwa ni pale ikiwa imechomolewa. Hatari kubwa kweli ni ikiwa imechomekwa. Monita nyingi za zamani za haya makabati, yaani hiyo TV yenyewe, bodi yake ya nyuma haijatengwa na umeme wa ukutani, ile chesisi ya bati ambayo wewe unadhani ni bati tu inaweza kuwa na umeme wa nyumba nzima juu yake. Ndo maana chini ya kabati kuna transfoma nzito ya kutenganisha, umeme unapita humo kwanza kabla ya kwenda kwenye monita. Kuna watu wakiona transfoma imeungua wanaunganisha monita moja kwa moja ukutani, na picha inakuja kabisa, mpaka siku mtu akishika mlango wa sarafu. Fuatilia nyaya za monita kwa macho mpaka ujue zinatoka kwenye transfoma. Zikitoka moja kwa moja kwenye plagi ya ukuta, simama hapo.

Ushauri wangu kwa mtu ambaye hajawahi kushika pasi, monita usiifungue. Chomoa plagi zake mbili, ya umeme na ya picha, iache palepale ilipofungwa, ufanye kazi zote nyingine kwanza. Zipo nyingi na zitakufundisha.

Kazi ya kwanza kati ya hizo ni umeme, na hapa nakaa kidogo kwa sababu nimeona bodi nyingi zimetangazwa marehemu na shida ilikuwa chakula chafu. Nunua multimita, hata ya kawaida, na ujifunze vitu viwili tu, kupima kama waya umekatika na kupima volti za DC, ule umeme usiogeuka-geuka kama wa betri. Anzia ukutani uje ndani. Plagi ina mguu wa ethi au umekatwa? Mashine nyingi umekatwa, na kabati lina mlango wa bati ambao watu wanaushika na mikono yenye jasho, kwa hiyo badilisha waya mzima wa kuingilia umeme na hakikisha ethi inafika kwenye mlango wa sarafu, kwenye bati la joistiki na kwenye transfoma. Fyuzi weka za saizi iliyoandikwa, sio kubwa kidogo. Soma kibandiko cha nyuma kinasema volti ngapi, mashine za Marekani ni za 120 na nyingine ni za 220 mpaka 240, transfoma nyingi zina miguu ya kuchagua, linganisha na umeme ulio nao ukutani kwako kabla ya yote.

Humo ndani usishangae ukikuta mifumo miwili ya umeme, transfoma kubwa la kizamani na kiboksi cha bati chenye matundu pembeni yake. Hiyo inaendana na ile habari yetu ya koti. Bodi ya Pac-Man ya Midway ilikuwa inaletewa AC ndogo, umeme wa kugeuka-geuka kama wa ukutani ila wa volti chache, kutoka kwenye transfoma na inajibadilishia yenyewe juu ya bodi, gemu za baadaye zikataka DC iliyokwisha kupikwa, 5 volti kwa ajili ya chipu, 12 kwa ajili ya sauti, na nyingine hasi 5, kwa hiyo aliyebadilisha gemu aliongeza kile kiboksi. Fuata nyaya za bodi iliyopo leo ujue inakula kwenye chungu kipi.

Bodi na monita zikiwa zimechomolewa zote mbili, ndo unawasha mara ya kwanza. Pima. Kile kiboksi wakati mwingine kikiwa hakina mzigo kinatoa namba za ajabu, kipe hata balbu ndogo kikae sawa. Chipu za zama zile zinataka 5 volti na uvumilivu wake ni asilimia 5, yaani kati ya 4.75 na 5.25. Chini ya hapo gemu inajizima na kujiwasha, inachora takataka, inaganda, unaapa kabisa chipu imekufa. Juu ya hapo chipu inakufa kweli. Ukiridhika zima, chomeka bodi, washa, halafu pima tena, na safari hii weka mita kwenye bodi yenyewe, sio kwenye kiboksi. Hapa ndo watu wanakosea. Kwenye kiboksi unapata 5.1, kwenye bodi unapata 4.6, nusu volti imeliwa njiani, na mtu anachukua bisibisi anaongeza kile kiskurubu cha kurekebisha mpaka bodi ifike 5, inawaka, anafurahi. Hajatibu kitu. Ile nusu volti inageuka moto pale kwenye soketi ya bodi, soketi inazidi kuungua, siku anayoisafisha au inajishika vizuri yenyewe ghafla bodi inapata yote na RAM, zile chipu za kumbukumbu, zinaondoka. Angalia soketi, kama pini za umeme zimekuwa za kahawia au plastiki imeyeyuka, hiyo soketi ibadilishwe. Meno ya bodi yasugue kwa raba nyeupe ya kufutia penseli, halafu alkoholi. Msasa hapana, yale meno yana ngozi nyembamba mno.

Na mimi nikupe ya kwangu usicheke sana. Kuanzia 1985 Wajapani walikubaliana soketi moja ya bodi zote inaitwa JAMMA, pini 56, 28 kila upande, na kwenye nafasi ya 7 kuna kipande kidogo cha plastiki kinachozuia usichomeke kichwa chini. Kabati langu la kwanza kile kipande kilikuwa kimeshadondoka, mi sijui hata kama kinatakiwa kuwepo, nikachomeka kwa kujiamini kabisa, kumbe nimegeuza. Ukigeuza soketi ya JAMMA zile 12 volti zinaangukia kwenye njia ya kitufe cha mchezaji, chipu inayosoma vitufe ilikuwa inasubiri 5. Ilitoa harufu moja tu fupi. Gemu ilikuja kuwaka baadaye vizuri sana, picha safi, sauti safi, ila mchezaji wa pili akibonyeza kitufe ni kama anabonyeza ukuta. Kwa hiyo kama soketi yako ni ya aina hiyo tafuta kile kipande, kisipokuwepo weka alama ya rangi upande wa juu.

Bodi ikipata chakula safi na bado inachora takataka, bado usiizike. Chipu nyingi za programu zimekaa kwenye soketi, hazijalehemewa, miguu yake inapata kutu nyembamba ambayo huioni. Zima, piga picha, itoe moja kwa kuinyanyua kidogo upande huu kidogo upande ule, safisha miguu, rudisha ile alama ya nusu mwezi ikitazama ilikokuwa inatazama. Moja imalize ndo uende nyingine, usizitandaze mezani zote kama karata. Na zile zenye kidirisha cha kioo kilichobandikwa karatasi, karatasi usiibandue, humo ndani kumeandikwa gemu na kunafutika kwa mwanga wa urujuanimno, hata jua likipata muda wa kutosha linaifuta. Nusu ya bodi ninazoletewa zinaamka kwa hatua hii, bila pasi ya kulehemu kuguswa. Sio zote, nisikudanganye, kama baada ya hapo bado haieleweki inabaki kazi ya mtu mwenye kifaa cha kusomea chipu na oskiloskopu, na huyo mtafute, usijifunzie kulehemu kwenye bodi ya miaka ya 80. Kulehemu jifunzie kwenye redio mbovu.

Vitufe na joistiki ni kazi ya jioni moja. Za zamani ni vibati viwili vinavyogusana, pitisha kipande cha karatasi ngumu kilicholoweshwa alkoholi katikati, bana, vuta, basi. Swichi ndogo za kubofya zikileta ubishi badilisha tu.

Sasa turudi kwenye monita. Ukishakuwa na uhakika bodi inafanya kazi (sikiliza, gemu nyingi ukitia sarafu zinatoa sauti hata bila picha) chomeka monita, funga mlango, washa, ukae mbali uangalie. Sauti ya kama mchanga unamwagika kwenye kioo ni umeme mkubwa umepanda, nzuri. Kirangi cha chungwa kwenye shingo, ukichungulia kwenye matundu ya nyuma, maana yake hita inawaka, tyubu ina uhai. Mstari mmoja tu mweupe katikati ni saketi ya kupanua picha juu na chini imekufa, zima haraka kabla mstari haujajichora nao kwenye kioo. Picha inayocheza kama iko majini ama iliyosinyaa pembeni, hizo mara nyingi ni kapasita zilizokauka. Picha inayokimbia juu au kujipinda inaweza kuwa ni kurekebisha tu. Mabaka ya rangi kwenye kona ni sumaku, linatibika.

Hizi zote zinatengenezeka, lakini anayetengeneza asiwe wewe kwa mwaka huu. Tafuta fundi wa TV za chogo, mtu mzima, yule ambaye ana mazoea ya kutoa chaji kwenye tyubu kabla hajagusa kitu bila kuambiwa. Mwambie hivi: ni TV ya chogo isiyo na tyuna, nyekundu, kijani na bluu zinaingia kila moja na waya wake, na masafa ya mlalo ni kama kilohezi 15, yaleyale ya TV. Atakuelewa. Mwombe abadilishe kapasita zote za maji na akague lehemu za kuzunguka flaibeki, ile transfoma inayozalisha umeme mkubwa wa tyubu, na mwambie tangu mwanzo kwamba chesisi haijatengwa, ajue anashika nini. Kubadilisha kapasita kunasaidia sana ila sio muujiza, flaibeki ikiwa imepasuka hata ubadilishe kapasita mara tatu haitawaka, usikubali mtu akuambie "tubadilishe tu tuone".

Mbao. Ile sehemu iliyovimba chini ni chipbodi, na chipbodi ikishakunywa maji hairudi hata uikaushe juani mwezi. Kama iliyovimba ni sehemu ya sentimita chache tu, imwagilie gundi ya mbao iliyozimuliwa inywe, funika nailoni, ibane na vipande viwili vya mbao ngumu kwa klampu, iache siku nzima, halafu jaza puti ya magari upige msasa. Kama inamomonyoka ukigusa, kata hicho kipande kwa mstari ulionyooka upachike plaiwudi ya unene uleule. Weka miguu ya chuma ya kuzungusha ili isikae sakafuni tena. Utepe wa plastiki wa pembeni unauzwa, pima unene wa mbao kwanza, nyingi ni milimita 19 ila sio zote. Ile rangi nyeusi kama chini kuna michoro usiipige msasa, ipashe joto kidogo kidogo kwa mashine ya upepo wa moto na ukwangue kwa kadi ya plastiki, ni kazi ya kuchosha kupita zote nilizozitaja humu na utaacha njiani mara tatu. Vaa barakoa, madirisha wazi, rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi.

Na yule rafiki wa kompyuta, mwache aingie sasa. MAME, programu ya kuifanya kompyuta iigize mashine hizi za gemu, ipo tangu 1997, kompyuta ya ukubwa wa kiganja inabeba maelfu ya gemu, haina volti elfu ishirini, haina kapasita za 1980, na kama unachotaka ni kucheza tu ndo njia fupi, sina dharau nayo hata kidogo, nyumbani kwangu ninayo. Ningekuwa na kabati lililooza, bodi haipo, kioo kimepasuka, ningefanya hivo bila kufikiria mara mbili. La kwako lina tyubu nzima, bodi, na pengine rangi ya kwanza chini ya koti. Hapo katikati kuna njia nyingine watu huisahau, unaacha monita na nyaya zote, unatoa bodi tu na kuchomeka bodi ya kisasa yenye gemu nyingi kwenye soketi hiyohiyo ya JAMMA kama ndo uliyonayo, bodi ya zamani inalala kwenye boksi imefungwa vizuri. Sharti langu ni moja, chochote utakachotia kifungwe kwenye matundu yaliyopo. Ukitaka kutia skrini bapa tengeneza fremu inayoshika kwenye skurubu za monita ya zamani. Siku unayochukua msumeno kupanua kioo cha mbele kiingie skrini, hiyo hairudi nyuma.

Kuna mahali pa kuacha na kuita mtu, hapo usinibishie. Fyuzi ikikatika mara mbili mfululizo. Ukishika mlango wa sarafu ukahisi kama sisimizi wanatembea mkononi. Harufu ya samaki au ya plastiki inayoungua. Mlio wa kuchachatika nyuma ya tyubu, au cheche unaziona gizani. Ufa wowote kwenye kioo cha tyubu hata kama ni unywele. Na kulibeba, haya makabati yanaweza kuzidi kilo 100 na uzito wote uko juu mbele kwenye tyubu, linaangukia uso, kwa hiyo watu wawili na mikanda, na lisilazwe kifudifudi.

Kwa muda usijipange kwa wiki, jipange kwa miezi ya Jumamosi. Jumamosi hii usinunue kitu zaidi ya multimita na barakoa. Fungua mlango, loweka mavi ya panya, piga picha ya kibati cha namba, ya soketi ya bodi ukihesabu pini, na ya maandishi kwenye chesisi ya monita bila kuigusa. Halafu nenda kona ya nyuma chini na ukwangue ile kucha moja ya rangi nyeusi, uniambie umekuta rangi gani.